Kufuli la kukesha: kisa cha Google, wasimamizi wa Linux na usingizi wa simu

Chukua simu yako ya Android, bonyeza kitufe cha pembeni skrini izime, kisha iweke mezani. Baada ya muda mfupi karibu kila kitu ndani yake kitakuwa kimelala. Sasa chukulia mtu anakupigia wakati uleule simu inapoanza kusinzia. Nani anahakikisha kwamba haitalala fofofo huku habari ya simu inayoingia iko mkononi mwake? Swali hilo dogo liliwagombanisha wahandisi wa Google na watengenezaji wa kerneli ya Linux, kile kiini cha mfumo kinachosimama kati ya programu na vifaa, ambacho Android imejengwa juu yake, kuanzia 2009, na jibu lililokubalika pande zote lilipatikana 2012.

Kisa hiki nimekitumia mara nyingi kuwafundisha vijana wanaoingia kwenye kazi ya programu huria, kwa kuwa karibu kila neno lake lilisemwa hadharani na hakuna aliyekuwa mjinga wala mwovu. Majina ya wahandisi nimeyaondoa. Nitawaita kwa kazi zao: mhandisi wa simu (wa Google), msimamizi wa umeme (mwenye sehemu ya Linux inayoshughulikia matumizi ya umeme) na msimamizi wa baraza (baraza nitalieleza mbele). Jina la kampuni haliwezi kufichika, maana ukishasema Android umeshaitaja.

## Usuli

Kerneli ya Linux ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 na hutolewa kwa leseni ya GPL toleo la 2. Leseni hiyo inataka jambo moja hasa: ukimpa mtu programu, mpe na msimbo wake. Haikulazimishi kushauriana na yeyote, wala kuyarudisha mabadiliko yako kwenye shina, yaani msimbo mkuu wa Linux. Google ilitii leseni. Msimbo wa kerneli ya Android ulikuwa wazi, mwenye kutaka aliupakua. Lakini kuweka msimbo hadharani ni jambo moja na kushirikiana ni jambo jingine, na wageni wengi wa kazi hii huyachanganya hayo mawili.

Kushirikiana kwenye Linux kuna njia yake. Mabadiliko hutumwa kwa barua pepe, vipande vidogovidogo ambavyo mimi huviita viraka, kwa msimamizi wa sehemu husika, na watu wote wanasoma. Utaulizwa, utapingwa, utaandika upya. Ukikubalika, msimamizi anakibeba kiraka chako mpaka Torvalds afungue mlango wa kupokea, ambao hukaa wazi takriban wiki mbili kila baada ya miezi miwili au mitatu.

Husemwa kwamba Linux inaandikwa na watu wa kujitolea. Ni kweli nusu. Kufikia 2010, zaidi ya asilimia 70 ya kazi ya kerneli ilikuwa ikifanywa na watu wanaolipwa na kampuni kwa kazi hiyohiyo. Ila kiti cha msimamizi ni cha mtu, si cha mwajiri. Msimamizi akihama kutoka kampuni moja kwenda nyingine, kiti anahama nacho, na jina linaloharibika kazi ikiharibika ni lake. Kwa hiyo hata anayelipwa mshahara mnono hubishana kama mtu anayelinda shamba alilolima kwa mikono yake. Asiyelielewa hili atadhani kisa chetu ni cha kampuni moja kubwa dhidi ya kundi la watu wakaidi.

Google iliinunua Android mwaka 2005 na kufanya kazi kimyakimya. Simu ya kwanza ilitangazwa Septemba 2008, ikiwa na kerneli 2.6.25 iliyobebeshwa mambo mapya kadhaa. Moja ya mambo hayo liliitwa wakelock. Kwa Kiswahili nitaliita kufuli la kukesha.

## Tatizo lenyewe

Kompyuta ya mapajani hulala ukiifunga kifuniko: unaiamuru, inatii. Watu wa Android waliigeuza desturi hiyo. Kwao kulala ndiyo hali ya kawaida, na kukesha ndiko kunahitaji sababu. Kama hakuna aliyeshika kufuli, mfumo mzima unagandishwa na kulazwa, programu zipende zisipende.

Sababu yao ilikuwa ya sokoni. Simu yao ingebeba programu zilizoandikwa na maelfu ya watu wasiowajua. Programu moja tu ya tochi, imeandikwa vibaya, inachungulia saa mara kumi kwa sekunde hata skrini ikiwa imezimwa, inatosha kukumalizia chaji kabla ya adhuhuri. Huwezi kumfuata kila mwandishi nyumbani kwake ukamfundishe adabu. Unagandisha wote, basi.

Ugumu uko kwenye kufumba na kufumbua. Mtu anabonyeza kitufe. Kifaa kinatuma ishara, kiendeshi (kipande cha msimbo kinachokisimamia kifaa hicho) ndani ya kerneli kinaipokea na kuiweka kwenye foleni ili programu ije kuichukua. Lakini wakati huohuo kerneli ilikuwa katikati ya kuilaza simu, na programu ya kuichukua ishara imeshagandishwa. Ishara inabaki kwenye foleni, simu inalala nayo. Mwenye simu anabonyeza, hakuna kitu.

Kufuli la kukesha liliziba pengo hilo. Kiendeshi kinashika kufuli lake pale tu ishara inapoingia, na hakiliachii mpaka foleni iwe tupu. Programu nayo inashika kufuli lake kabla ya kuchukua ishara. Ni kama watu wawili wanaopokezana mtoto mchanga: wa kwanza hamwachii mpaka wa pili awe ameshamshika. Hakuna nukta ambayo mtoto yuko hewani.

Wazo lenyewe ni zuri. Naliweka hapa mapema kwa sababu wengi wanaosimuliwa kisa hiki hudhani lilikataliwa kwa ubovu.

## Yaliyotokea

Mwanzoni mwa 2009 mhandisi wa simu alituma viraka vyake. Maswali yaliyorudi hayakuwa yale aliyoyategemea. Wengine walikwama kwenye jina: mbona kinaitwa kufuli na wala hakifanani na makufuli mengine ya kerneli? Wengine walichukizwa na uwezo wa kuweka kufuli lenye muda, yaani kiendeshi kinashika kwa kipindi fulani kisha linajiachia lenyewe, kwa kutumaini kwamba kipindi hicho kitatosha. Mwandishi wa kerneli akisikia neno "kutumaini" nywele humsimama.

Pingamizi zito zaidi lilitoka kwa watu wa vichakataji. Kwenye baadhi ya chipu za ARM, jamii ya vichakataji iliyoenea kwenye simu, kama zile za OMAP, kerneli isiyo na kazi iliweza kushusha matumizi ya umeme karibu sawa na usingizi kamili, bila kugandisha chochote. Kwa hao, kulala kwa nguvu kulikuwa sawa na kumziba mdomo mtoto anayelia badala ya kutazama anaumwa wapi. Itengenezeni ile programu mbovu, walisema. Watu wa Android wakajibu: ipi? Ziko maelfu.

Wakati mjadala huo ukiendelea, vipande vingine vya Android vilipata pa kukaa. Linux ina sehemu ya msimbo ambao haujaiva, huitwa staging, na mimi huiita baraza: mgeni anakaa nje, anapewa maji, lakini hajaingia sebuleni. Toleo la 2.6.29, Machi 2009, liliwapokea wageni hao barazani. Masharti ya baraza ni mepesi. Lazima awepo mtu anayeusafisha msimbo huo hadi ufae kuingia ndani. Miezi ikapita, usafi haukufanyika. Desemba 2009 msimamizi wa baraza akavitoa, na toleo la 2.6.33 lilipotoka Februari 2010 havikuwemo.

Msimamizi huyo aliandika wazi kilichomsumbua, na hoja yake naiona ndiyo kiini cha kisa hiki. Hakuwa akilalamikia faili chache za Google. Alikuwa akilalamikia viendeshi vya watu wengine. Mtengenezaji wa chipu anayetaka kuuza kwenye simu za Android huandika kiendeshi chake juu ya kerneli ya Android, na ndani yake huita kufuli la kukesha, kwa kuwa ndivyo inavyotakiwa. Siku akitaka kukileta kiendeshi hicho kwenye shina la Linux, hakijengeki: kazi anayoiita (function, kipande cha msimbo kinachoitwa kwa jina) haipo huko. Inabidi aandike cha pili. Nani atamlipa aandike cha pili? Kwa hiyo kutokuelewana kwa pande mbili kulikuwa kumeshafungia nje upande wa tatu mzima, watu ambao hata hawakuwemo kwenye ugomvi.

Aprili 2010 pande zote zilikaa meza moja San Francisco. Mambo yakachangamka. Mhandisi wa simu akaleta matoleo mapya, moja baada ya jingine, na jina alikuwa amelibadilisha: si kufuli la kukesha tena, sasa ni kizuia usingizi. Msimamizi wa umeme, aliyekuwa amesoma kila toleo, alisema yuko tayari kuvipeleka viraka hivyo kwa Torvalds.

Hapo ndipo moto ulipowaka. Mei 2010 watu waliokuwa wakipita pembeni tangu mwaka uliotangulia walisikia kwamba jambo liko mlangoni, wakageuka wote kwa pamoja. Watu wa ratiba ya kichakataji, watu wa saa, watu wa ARM. Barua mia kwa mia ndani ya wiki chache, nyingi ndefu, baadhi za hasira, na hoja zilezile za 2009 zikiulizwa upya na watu waliokuwa hawajazisoma. Torvalds hakuvichukua viraka.

Kilichofuata ndicho ninachowaomba wanafunzi wakisome mara mbili. Msimamizi wa umeme hakukaa chini kununa, wala hakumwambia mhandisi wa simu ajaribu tena mwakani. Alijiuliza: tukiweka kando makufuli yote, ni lipi ambalo pande zote zinakubali kuwa ni kasoro? Ni ile nukta ya ishara kuachwa kwenye foleni. Kasoro hiyo haikuwa ya simu peke yake. Hata kompyuta ya mapajani ilikuwa nayo. Akaandika mwenyewe suluhisho lake, dogo kuliko la Google, na likaingia toleo la 2.6.36 mnamo Oktoba 2010.

Lilivyofanya kazi ni hivi. Kerneli inahesabu matukio ya kuamsha. Programu inayotaka kuilaza simu inasoma hesabu hiyo kwenye faili moja, tuseme inakuta 41. Inamaliza shughuli zake, kisha inaandika 41 kwenye faili ileile, kama kusema: nilipotazama mara ya mwisho palikuwa hapa. Ikiwa hakuna kilichotokea, kerneli inakubali na usingizi unaendelea. Ikiwa mtu amebonyeza kitufe kati ya hapo, hesabu imekuwa 42, maandishi yanakataliwa, na programu inarudi mwanzo. Hakuna kufuli hata moja kwenye maelezo haya.

Mwishoni mwa Julai 2010 likatokea jambo la pili, dogo kwa macho. Mhandisi wa kampuni ya tatu, asiyeuza simu wala kusimamia umeme, aliusoma ule mjadala wote na kuandika muhtasari: Android inahitaji nini hasa, lipi ni la lazima, lipi ni la kupendelea, maneno gani yanatumiwa na pande mbili kwa maana tofauti. Akautuma watu waukosoe. Wakaukosoa, akaurekebisha, akautuma tena. Haukuwa na msimbo wowote ndani yake. Ila mahitaji yalikuwa yamesimama peke yake, yametengana na suluhisho.

Mwaka 2011 mambo yalipoa. Oktoba mwaka huo, kwenye mkutano wa watengenezaji wa kerneli huko Prague, hali ilikuwa imegeuka: simu za Android zilikuwa zimeenea mno kiasi kwamba kuendelea kuitazama kerneli yake kama ya mtu baki kulikuwa ni kujidanganya. Toleo la 3.3 la Machi 2012 likawarudisha wale wageni barazani. Toleo la 3.5 la Julai 2012 likaleta kilichobaki: uwezo wa kerneli kulala yenyewe pasipo sababu ya kukesha, na njia ya programu kusema "bado nina kazi". Sehemu kubwa aliiandika msimamizi wa umeme. Kipande kimoja muhimu kwenye toleo hilohilo, kinachozuia usingizi wakati programu bado haijasoma matukio yanayoisubiri, kiliandikwa na mhandisi wa simu yuleyule aliyekuja na viraka 2009.

## Maamuzi na sababu zake

Kuna binti mmoja aliniuliza darasani, "Mwalimu, si wangekubali tu? Simu zilishauzwa." Ni swali zuri, na jibu lake liko kwenye sheria ambayo Torvalds huilinda kuliko zote: kerneli haivunji programu za watu. Kiolesura, yaani njia ya programu kuzungumza na kerneli, kikishafunguliwa kwa programu, kimefunguliwa milele. Siku wale wahandisi wa Google wakihamishiwa mradi mwingine, atakayelitunza kufuli la kukesha miaka ishirini ijayo ni msimamizi wa umeme, au mrithi wake. Aliyekuwa akiulizwa "utakubali?" alikuwa akiulizwa kweli "utalea?" Ndiyo maana alisoma kila toleo, na ndiyo maana wenzake walipiga kelele alipokaribia kusema ndiyo.

Uamuzi wa Google wa kuuza kwanza na kujadiliana baadaye nao ulikuwa na sababu. Soko la simu mwaka 2008 lilikuwa linakimbia, na mjadala wa kerneli hauna tarehe ya mwisho. Hakuna mkurugenzi ambaye angekubali kuchelewesha simu mwaka mzima kwa sababu ya barua pepe kuhusu maana ya neno "kufuli". Siwalaumu kwa hilo. Ninachowalaumu ni kwamba kati ya simu ya kwanza na Desemba 2009 hawakumpa mtu muda wa kusafisha baraza. Kazi ile haikuhitaji kipaji. Ilihitaji mtu mmoja, siku kadhaa kwa mwezi, aliyeruhusiwa na bosi wake.

Na gharama ya kuuza kwanza ilijitokeza mahali ambapo hawakuitarajia: walipoteza uwezo wa kubadilika. Ukishakuwa na simu mikononi mwa watu na viendeshi vya watengenezaji wengine vinavyoita kufuli lako kwa jina, kila pendekezo la "tufanye hivi kwa njia nyingine" linakuwa ni pendekezo la kubomoa nyumba yenye wapangaji. Wapingaji walimwona mhandisi wa simu kama mtu mkaidi. Alikuwa amefungwa mikono na wateja wa kampuni yake.

Kubadilisha jina kuwa kizuia usingizi naona kulikuwa ni kupoteza muda. Waliokuwa wakipinga jina walinyamaza kwa wiki moja, kisha wakapata la kupinga jingine.

## Matokeo

Kwenye kerneli ya Android ya 3.4, kazi za zamani za kufuli la kukesha ziligeuzwa kuwa ganda jembamba: viendeshi viliendelea kuziita kwa jina lilelile, lakini ndani zilikuwa zinatumia mfumo wa msimamizi wa umeme. Hiyo ilikuwa busara kubwa. Mtengenezaji wa chipu hakulazimika kubadilisha kila kitu siku moja, na msimbo wa chini ukawa mmoja.

Wageni wengine wa barazani walikuwa na mwisho tofautitofauti. Binder, njia ambayo programu za Android huitumia kuwasiliana, iliingia sebuleni kwenye toleo la 3.19 mwaka 2015. Kile kipande kinachoua programu kumbukumbu inapojaa kiliondolewa kabisa kwenye 4.12, mwaka 2017, na kazi yake ikahamia nje ya kerneli. Ashmem, njia ya Android ya programu kugawana kumbukumbu, iliondolewa kwenye 5.18 mwaka 2022, baada ya Linux kuwa na njia yake ya kugawana kumbukumbu kwa muda mrefu. Kwa maneno mengine, kati ya vitu vya Google vilivyopita barazani, vingine vilikubaliwa, vingine vilionekana havihitajiki tena. Mabishano hayakuwa ya bure kwa upande wowote.

Na Google nayo ilibadilika. Kwa simu zinazoanza na Android 12 na kerneli 5.10, watengenezaji wanatakiwa kutumia kerneli moja ya pamoja, mambo ya chipu zao yakiwa kwenye moduli za kando, na mabadiliko yanayogusa kiini yanatarajiwa kupitia shina la Linux kwanza. Hiyo ni kinyume kabisa cha mwaka 2008.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi kilikuwa ni kulitenganisha tatizo na suluhisho. Mhandisi wa simu alikuja na vyote viwili vimefungwa kwenye furushi moja, na kwa kuwa furushi lilikataliwa, tatizo lake nalo lilionekana limekataliwa. Lakini ukizisoma barua za 2009 na 2010 kwa utulivu, ni wachache sana waliobisha kwamba ishara inaweza kupotea. Msimamizi wa umeme alilifungua furushi, akatoa kitu kimoja, akakitengeneza. Baada ya hapo mazungumzo yalikuwa na ardhi ya kusimamia.

Yule wa muhtasari naye alifanya kazi ambayo haihesabiwi kwenye takwimu zozote za mchango. Hana mstari wa msimbo hapo. Kampuni zinazowapima wahandisi wao kwa idadi ya viraka vilivyopokelewa zingemwandikia sifuri kwa mwezi ule.

Kilichoshindikana cha kwanza ni kuwaita watu mwishoni. Msimamizi wa umeme na mhandisi wa simu walishughulika wao wawili kwa miezi, wakaelewana, na makubaliano yao yakavunjwa na watu wa sehemu jirani ambao walikuwa na haki ya kusikilizwa tangu awali. Makubaliano na msimamizi mmoja si makubaliano na Linux, hasa kwa jambo linalogusa ratiba, saa na vichakataji kwa pamoja. Na hao wa sehemu jirani nao hawana pa kujitetea sana: viraka vilikuwa hadharani mwaka mzima.

Kingine ni kwamba ushahidi ulichelewa. Pande zote zilidai mambo kuhusu umeme: usingizi unaokoa zaidi, hapana, hali ya kutokuwa na kazi inatosha. Vipimo vya kulinganisha vilikuwa vichache mno ukilinganisha na maneno. Kwa chipu moja watu wa ARM walikuwa sahihi, kwa nyingine Google ilikuwa sahihi, na mjadala wa jumla usingeweza kuliona hilo.

Huku kwetu nakiona kivuli cha kisa hiki kila mara. Timu moja niliyowahi kuisaidia ilikuwa inatumia mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa, na ilikuwa imebadilisha fomu ya ripoti ya mwezi ndani kabisa ya msimbo, kwa kuwa mfadhili alitaka ripoti kabla ya Juni. Ripoti ikatoka. Kisha toleo jipya la mfumo likaja na marekebisho ya usalama, na hawakuweza kulipokea bila kuipoteza fomu yao. Nikamuuliza kiongozi wao, "Kaka, mliwahi kuwaambia wenye mfumo kwamba mnahitaji fomu ya namna hii?" Akacheka: "Tungewaambia nini, wakati tulishaimaliza?" Msimbo wao ulikuwa mzuri. Uliandikwa na kijana mmoja hodari, ambaye wakati huo alikuwa ameshapata kazi nyingine.

Sipendekezi kwamba kila kampuni isubiri ruhusa ndipo iuze. Nilichojifunza ni kuwauliza watu swali jingine siku ya kwanza: je, unaweza kuandika ukurasa mmoja unaoeleza tatizo lako bila kutaja suluhisho lako hata mara moja? Wengi hawawezi. Nilipowapa wanafunzi zoezi hilo kwa kufuli la kukesha, zaidi ya nusu waliandika neno "kufuli" kwenye sentensi ya pili.

Kuna jambo moja dogo la mwisho ambalo hunichekesha. Ukiunganisha simu yenye ruhusa za juu kwenye kompyuta na kutazama ndani ya folda ya umeme, utakuta faili mbili zilizoingia kwenye Linux 3.5, za programu kusema inataka kukesha na kusema imemaliza. Aliyeziandika ni msimamizi wa umeme. Ameziwekea kikomo, kwa kawaida majina 100, ili programu zisijaze kerneli makufuli yasiyo na mwenyewe. Baada ya mwaka mzima wa kubishana kuhusu jina, baada ya viraka kuandikwa upya ili neno hilo lisionekane, faili ya kwanza inaitwa wake_lock.